Shauri la Vifungo vya Shani

Niliota usiku wa jana kwamba cherehani yangu imenishitaki. Hati ya mashitaka ililetwa na mkasi, ukitembea kwa ncha zake mbili mpaka barazani kwangu.

"Wewe ndiye Tatu, fundi wa nguo za kike na za kiume?" ukaniuliza.

Nikasema ndiye mimi.

"Unaitwa. Njoo na kitambulisho na mkanda wako wa kupimia."

Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Nikafunga duka, nikaufuata mkasi.

Kabla sijaendelea, niwaeleze yaliyotokea nikiwa macho, msije mkaniona nimerukwa na akili. Alhamisi Shani aliniletea kitambaa cha shati, la kuvaa Jumamosi kwenye harusi ya binamu yake. Shati la kiume vifungo hukaa kulia, la kike kushoto. Hiyo ndiyo sheria niliyofundishwa kabla hata ya kujua kutunga uzi. Sasa Shani ni mtu ambaye mtaa mzima umeshindwa kumweka upande, na mwenyewe akiulizwa hucheka tu. Nikamuuliza vifungo nitie wapi.

"Popote, Fundi, mradi lifunge." Kisha akanitazama, akasema, "Na wewe je, utakwenda nami harusini?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Pini nilizitoa, jamani, lakini jibu sikulitoa mpaka akaondoka. Nampenda Shani, na hilo nalisema wazi, sina haya. Kilichoniziba mdomo ni swali la pili, lile ambalo hakuna aliyeniuliza: nikimpenda huyu, mimi nitaitwa nani? Usiku wa Ijumaa nikalala shati likiwa halina tundu hata moja, na kesho yake ndiyo harusi.

Haya, turudi kwenye ndoto.

Naingia mlango wa ofisi ulikonipeleka mkasi, najikuta ndani ya kabati la nguo la shangazi yangu Zamda, lile linalonukia udi, ila limetanuka likawa ukumbi wenye feni tatu. Sakafuni umepigwa mstari wa chaki ya fundi. Kulia wamepangwa wenye vifungo vya kulia, kushoto wa kushoto, na kila mtu amefungwa kwa kifungo chake kwenye ukuta, asije akatangatanga. Wote wanajikuna shingo.

Nachungulia. Kila shingo imeshonewa lebo, kama zile za mitumba. Ya mzee mmoja inasema: "Mwanamume. Halii. Usimkamue." Ya mama aliye mbele yangu inasema: "Mwanamke. Anapendwa, hapendi. Asianikwe juani."

"Zinawasha?" nikamuuliza yule mzee.

"Sana," akasema. "Lakini unazoea. Mimi nina mwaka wa sabini sijazoea."

Mbele, juu ya meza, ameketi ofisa mwenyewe, na ofisa ni pasi ya mkaa. Alikuwa na jogoo wake wa bati juu ya kifuniko na moshi ukimtoka puani. Pembeni yake cherehani yangu imesimama, imejifunika kitambaa kwa aibu.

"Mlalamikaji aseme," ikaamuru pasi.

"Mheshimiwa," ikasema cherehani, "huyu fundi ananiwekea shati, ananinyanyua mguu, ananishusha mguu, hashoni. Mara alitazame kulia, mara kushoto, mara alikumbatie. Mimi ni chombo cha kazi. Nimechoka kuangalia mapenzi."

Ebo! Miaka kumi na minne naipaka mafuta kila Jumatatu, leo inanianika mbele za watu. Lakini ilichosema kilikuwa kweli.

Pasi ikafunua faili. "Tatu. Uliwahi kumpenda Sefu muuza vitumbua, mwanamume. Kweli?"

"Kweli."

"Baadaye ukampenda Mwajabu wa duka la dawa, mwanamke. Kweli?"

"Kweli, ila yeye sikumwambia."

"Kisha miaka sita hukumpenda mtu. Hapo ulikuwa nani?"

"Nilikuwa na kazi nyingi, mheshimiwa. Zilikuwa sare za shule."

Pasi ikapuliza cheche. "Faili kama hili haliingii kwenye droo. Leteni kidhibiti."

Iliposema hivyo kabati likageuka darasa la nne B, madawati na yote, nami nimevaa sketi ya shule inayonibana vibaya. Wasichana safu hii, wavulana safu ile, kama mwalimu alivyotupanga zamani. Na pale ukutani, kwenye msumari wa ramani, wamemtundika Shani kwa ukosi. Miguu yake inaning'inia. Uzi mmoja umeshachomoza kwenye kiwiko.

"Asiye na upande hufumuliwa," ikasema pasi. "Ikipigwa kengele ya saa sita, huyu anarudishwa kuwa kitambaa. Wewe ndiye fundi wake. Taja upande, umwokoe."

Nikamtazama Shani, naye akajaribu kucheka kama kawaida yake, lakini kicheko hakikutoka, na uzi ukazidi kurefuka.

"Mkanda upime!" ikasema pasi. "Huyu fundi amevutwa upande gani?"

Mkanda wangu ukanizunguka kifua, ukabana, ukasoma kwa sauti ya karani aliyechoka: "Tisini na nne, na Shani."

"Nimeuliza, kwa mwanamume au kwa mwanamke?"

"Namba zangu haziendi huko, mheshimiwa. Mimi naishia mia moja na hamsini."

Uzi wa kiwiko sasa ulikuwa umefika dirishani. Hapo nikahisi mtu ananivuta sketi kutoka nyuma. Kumbe shangazi Zamda amekaa dawati la mwisho, na baibui lake, amebanwa na meza. Shangazi huyu ndiye anayenisomea risala kila Ijumaa, Tatu olewa, Tatu utazeeka na sindano.

"Taja upande wowote, mwanangu," akaninong'oneza. "Funika kombe mwanaharamu apite."

"Shangazi, nikitaja wa uongo atabaki Shani huyu, au mtu mwingine aliyevaa uso wake?"

Akateremsha ushungi kidogo, akanionyesha shingo. Palikuwa na nyuzi mbili tatu tu, lebo haipo.

"Yangu niliikata na wembe mwaka nilioolewa," akasema. "Mjomba wako hakuwahi kuangalia shingo. Wewe usimwambie mtu."

Lo! Makubwa haya. Nilitaka kumuuliza ilikuwa imeandikwa nini, lakini mshale wa saa ya ukutani ulikuwa unakaribia sita, nikasimama.

"Mheshimiwa, upande wake siujui," nikasema. "Najua akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Najua hanywi chai bila tangawizi. Najua asipopita barazani kwangu siku nzima, nashona mikono ya mashati kinyume. Hayo ndiyo ninayoyajua, na nampenda nayo."

"Na wewe utakuwa nani?" ikauliza pasi.

Ndilo lile swali. Darasa zima likaacha kujikuna.

"Nitakuwa Tatu," nikasema. "Fundi. Ninampenda Shani."

"Hilo haliwezi kushonwa kwenye lebo."

"Basi lisishonwe."

Mkaa wa pasi ukaanza kuwa majivu. Kisha ikavuta droo, ikatoa kisahani cha wino wa zambarau.

"Upo utaratibu wa wasioingia kwenye lebo," ikasema. "Wanaweka dole gumba. Dole la mtu halina la kufanana nalo, basi tunaacha hapo."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Hakuna aliyeuliza."

Wakamteremsha Shani. Akatangulia yeye, akazamisha dole kwenye wino mpaka kwenye ukucha, akabonyeza karatasi kwa nguvu. Nikanyoosha langu. Kabla halijagusa wino, yule jogoo wa bati akawika, nikaamka.

Cha kwanza nilitazama dole gumba langu. Safi, halina kitu. Nikajicheka, nikasema ndoto ni ndoto, nikakaa kwenye cherehani, nikatoboa matundu upande ulionijia kwanza. Cherehani haikusema neno.

Saa tatu Shani akaja kuchukua shati. Safari hii nilitema pini zote kabla hajafika kizingitini.

"Nitakwenda nawe harusini," nikasema.

Hakucheka. Akasimama pale mlangoni kama aliyesahau alichokifuata. "Watu wataniuliza wewe ni nani wangu, Fundi."

"Waambie ni Tatu."

Akaziba mdomo kwa kiganja, na macho yakamjaa machozi, kisha akanyoosha mkono kupokea shati. Dole gumba lake lilikuwa la zambarau mpaka kwenye ukucha.

"Umefanya nini hapo?" nikamuuliza.

"Wacha tu," akasema. "Nimeamka nalo. Tangu alfajiri nasugua na ndimu, halitoki."