Shimo la Wifi

Mke wa seremala hakuwahi kuiba hata kijiko. Alijikumbusha hivyo kila asubuhi tangu msitu ulipopimwa, akiwa anamimina maji kutoka kwenye mtungi wa wifi yake, na kila asubuhi nafsi ilimsuta vilevile. Mtungi wenyewe ulikuwa tatizo. Shingoni palibaki alama za vidole vya wifi, dole gumba upande huu na vinne upande ule, na ukitaka kuuinamisha lazima ushike palepale.

Nyumba nzima ilikuwa hivyo. Chungu cha maharage, chungu cha uji, bakuli za mboga, vyote vilitoka mikononi mwa dada mkubwa wa mumewe, mfinyanzi, ambaye aliachika akiwa bado msichana, akarudi kwao na mtoto wa kike mgongoni, akakaa chini akaanza kufinyanga. Vyungu hivyo ndivyo vilivyomsomesha mdogo wake ufundi, vikamnunulia randa na misumeno, vikamwoza. Seremala mwenyewe alipenda kusema kwamba mahari ya mkewe ilitoka kwenye moto wa dada. Watu walicheka, naye akacheka kuwashinda.

Udongo wa vyungu ulipatikana mahali pamoja tu, bondeni, ndani ya msitu wa ukoo. Mama yao alichimba pale, na kabla yake bibi yao. Nao walikuwa na adabu yao: shimo likimalizika hulifukia, wakalisawazisha, wakatandaza majani juu, asije mtoto au ndama akavunjika mguu. Ndiyo maana mtu akipita pale haoni kitu. Wanaume wa ukoo waliotundika mizinga walikuwa na mizinga ya kuonyesha. Waliopasua mbao walikuwa na visiki. Wanawake walikuwa na majani yaliyotandazwa vizuri.

Kisha ikaja sheria mpya. Afisa wa ardhi aliwakusanya darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, akawaeleza kwamba msitu wa kila familia utapimwa na kupewa hati, na jina la mke litaandikwa pembeni ya jina la mume. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Mke wa seremala hakupiga. Alilia. Alimkumbuka mama yake siku walipomzika baba, godoro likiwa limetupwa njiani na ndugu wa baba kabla hata waombolezaji hawajaondoka, na mama amesimama kando yake akilikung'uta vumbi, kama vile vumbi ndilo lililokuwa shida.

Afisa aliongeza jambo moja. Mwingine yeyote anayeutumia msitu, hata kama si mume wala mke, naye haki yake itaandikwa, ilimradi alama ya matumizi ionekane siku ya kupima na wenyeji waikubali.

"Dada akiandikwa tutakuwa watatu," seremala alimwambia mkewe nyumbani, huku akipuliza vumbi la mbao kwenye randa. "Kesho na keshokutwa atakuja binti yake na mume wake. Mimi simfukuzi dada yangu, achimbe tu, nani atamkataza? Ila kuandikwa..."

Hakumalizia. Alikuwa hodari wa kuanza sentensi na kuwaachia wengine wazimalizie.

Siku ya kupima ilimkuta wifi amekwishawasha moto wa vyungu, na moto ule ukiuacha peke yake, kazi yote inapasuka. Alikuwa amechutama upande usio na moshi, macho mekundu, akipanga kuni.

"Siwezi kubanduka hapa," alisema. "Lakini wewe upo, wifi. Waonyeshe shimo langu. Mdomo wako si ndio wangu?"

"Usiwe na wasiwasi, wifi."

Shimo lenyewe halikuwepo tena. Jioni iliyotangulia, mke wa seremala alikuwa ameshuka bondeni na jembe, akalifukia, akalisawazisha, akatandaza majani kama alivyofundishwa na wifi huyohuyo alipokuwa bado bi harusi. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya ndama.

"Kuna mwingine anayetumia hapa?" afisa aliuliza walipofika bondeni.

Seremala akajitia hamnazo, akatazama viatu vyake.

"Hakuna," mkewe alijibu. "Ni sisi tu."

Sauti ilimtoka laini, bila kukwama popote, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Afisa akapiga hatua, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo.

"Lo! Hapa kuna nini?"

"Fuko hao, bwana afisa. Msitu huu umejaa fuko."

Watu wakacheka. Afisa akakung'uta kiatu, na kamba ya kupimia ikapita juu ya shimo.

Ramani ilibandikwa kwenye baraza la ofisi ya kijiji, wenye pingamizi wakapewa mpaka mwisho wa mwezi. Wifi hakwenda. Hakuuliza kitu. Aliendelea kuwafinyangia watoto vinyungu vya kuchezea na kumsalimia mke wa mdogo wake kama kawaida. Hapo ndipo palipouma. Angemtukana ingekuwa nafuu: wangejibizana, wangenuniana, mwisho wangepatanishwa. Mke wa seremala alikosa usingizi, akakosa hamu ya kula, na mumewe alipomuuliza ana nini, alisema ni mafua.

Siku ya mwisho ya mapingamizi, asubuhi, akasikia mtu anabisha.

"Hodi!"

Akashtuka. Tangu aolewe, wifi hajawahi kubisha hodi kwenye nyumba ile. Huingia akiwa anaongea, maneno yameanzia njiani, akafunua chungu, akaonja, akalalamikia chumvi. Sasa alisimama nje ya kizingiti na jembe na kikapu.

"Karibu, wifi. Mbona unasimama huko?"

"Sikai. Udongo umeniishia. Nimekuja kuomba ruhusa ya kuchimba."

"Ruhusa ya nani?"

"Yako. Si wewe ndiye mwenye msitu?" Hakusema kwa kejeli. Kejeli ingevumilika. "Na ahsante kwa kunifukia shimo. Watu wenye moyo huo siku hizi wako wapi? Umewaonea huruma ndama."

Aibu ilimpanda mke wa seremala mpaka masikioni.

"Wifi," alisema, "sikulifukia kwa ajili ya ndama."

"Najua."

"Unajua?"

"Ndama hawafiki kule, mwenzangu. Na fuko gani hao wanaotandaza majani?"

"Mbona hukwenda kupinga?"

"Nikasimame pale niseme mke wa mdogo wangu mwongo? Halafu nirudi nikae na nani?" Alihamisha jembe, akaliweka bega la pili. "Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Nimengoja mpaka leo. Haya, nipe ruhusa, jua linapanda."

Ruhusa. Mke wa seremala alimwona tena mama yake na lile godoro. Ila safari hii aliyekuwa ndani ya mlango, akiamua nani aingie na nani akae nje, alikuwa yeye.

Akavaa kandambili.

"Sikupi," alisema. "Twende ofisini."

Walipopita mbele ya karakana, randa ya seremala ilinyamaza.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumalizia sentensi yako," mkewe alimjibu, wala hakusimama.

Afisa alikuwa anakunywa chai. "Pingamizi dhidi ya nani, mama?"

"Dhidi ya mke wa seremala."

"Si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Lile shimo lililomeza mguu wako ni la wifi yangu, na mama yake alichimba palepale. Nililifukia mimi. Fuko ni mimi."

Mtu mmoja barazani aliangua kicheko, kisha akakikata. Afisa aliweka kikombe chini.

"Unaelewa kwamba aliyetoa maelezo ya uongo anaweza kufutwa jina lake?"

"Naelewa." Jina lile alilisubiri tangu siku ya godoro.

"Nitakuja mchana. Nataka kuona shimo kwa macho yangu. Nikikuta majani, nitaandika majani."

Wakashuka bondeni. Mke wa seremala alilichukua jembe la wifi bila kuulizwa, akafagia majani, akaanza. Juu palikuwa na kifusi kilegevu, kile alichokirudisha mwenyewe. Chini yake akakutana na vigae vya vyungu vilivyopasuka motoni, vilivyotupwa humo na wanawake waliochimba zamani, vingine vyeusi kwa moshi. Alivitoa kimoja kimoja, akavipanga ukingoni ili afisa avione. Viganja vikamwiva, malengelenge yakapasuka. Wifi alikaa kwenye mzizi, mikono mapajani, akamwangalia. Hakumsaidia.

Mwishowe alitua jembe, akafuta jasho, akamgeukia wifi yake, akitumaini kusikia kwamba imetosha, yamekwisha, aje apumzike.

"Chimba," wifi alisema. "Hujafika kwenye udongo."