Mkeo Kakata Kamba

Kambi ya Kiraka haikuwa na ukuta wala geti, na waliomtuma mtu huko hawakuisifia zaidi ya jambo moja: bei yake haiumi. Ilikuwa nje kidogo ya hifadhi ya jangwa, pale lami inapokata tamaa na mchanga kuchukua usukani. Ungekuta mapipa manne ya maji, choo cha mabati, na viwanja vya mahema vilivyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Upande wa pili wa hifadhi kulikuwa na hoteli yenye bwawa la kuogelea, lakini wapanda miamba si watu wa mabwawa. Mtu aliyesafiri siku mbili ili akaning'inie kwenye jabali kwa ncha za vidole anachotaka ni pa kulaza ubavu na mwenyeji asiyemkamua.

Kiraka hakuwakamua. Alikuwa fundi wa maturubai ya malori kwa miaka ishirini kabla ya kufungua kambi, na jina alilipata huko. Hema lililotupwa aliliokota, akalishona, akalipangisha. Wenye wivu walisema ana mkono wa birika, na hapo walimwonea. Bahili huficha kitu asikitumie. Kiraka alikitumia mpaka kikaomba ruhusa ya kufa, naye akakinyima. Kigingi kimoja kikipotea, wageni wote walikitafuta, na mvivu wa kutafuta alisimuliwa maisha ya kigingi hicho tangu kilipokuwa nondo. Mwezi uliotangulia mkewe aliangusha pete moja ya chuma ya kupandia kwenye korongo, na kwa siku tatu nyumba ile haikuwa na mazungumzo mengine.

Mkewe ndiye aliyekuwa mpandaji. Wageni walimwita Mjusi, kwa heshima zote, kwa sababu alipanda jabali bila haraka na bila kelele, na alijua kila ufa wa miamba ile. Asubuhi aliwaongoza wageni kwenda juu, jioni akawarudisha. Dada yake Kiraka, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kambini, hakulimeza jina hilo hata siku moja. "Mke wa mtu anaitwa Mjusi, na anaitika!" alikuwa akisema, kisha akaongeza lile lake la kila siku, kwamba mpanda ngazi hushuka. Wiki mbili sasa wifi hao walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ndoo ambayo dada aliiazima asiirudishe.

Siku ya mkasa, Mjusi aliondoka alfajiri na wageni wawili, na begani amebeba kamba mpya ya kijani. Kiraka aliwasindikiza mpaka kwenye jiwe la mwisho. Hakusema nenda salama. Alisema, "Kamba hiyo ni mpya, usiiburuze kwenye mawe."

Saa saba mchana, akiwa anashona zipu ya hema, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa mlinzi wa geti la hifadhi, mtu mwema ila mchoyo wa maneno, kwa sababu mtandao huko unapatikana juu ya mnara wa tangi la maji tu, na mlinzi yule anaogopa kupanda. Akiisha kupanda huandika upesi na kushuka. Ujumbe ulisema: "Mkeo kakata kamba. Tunamleta kwa gari la hifadhi. Pole sana ndugu yangu, jikaze."

Kiraka aliusoma mara moja, sindano ikamchoma kidole, wala hakuisikia. Najua utakachosema: mtu aliyeshika kamba maisha yake yote alipaswa kuuliza, kamba ipi? Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kitako na mkeo yuko jikoni. Kwa sisi sote tunaosema lugha hii, mtu akikata kamba amekwenda, harudi. Tena ni nani amewahi kuambiwa ajikaze kwa ajili ya kitu cha dukani? Na neno "tunamleta", jamani. Mtu mzima haletwi. Mtu mzima anakuja.

Alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena, akapiga mara kumi na moja, na mara zote mwanamke yule wa mtandao, asiyejua msiba wa mtu, akamwambia ajaribu baadaye. Basi akaketi juu ya pipa na kusema kwa sauti ndogo, "Mke wangu amekufa."

Kambini walikuwepo wageni wawili tu, kijana na mchumba wake, waliopumzika siku hiyo kwa sababu ngozi za vidole zilikuwa zimewaisha. Walimsikia. Binti akamshika mabega, kijana akakimbia kwa dada mtu. Na dada mtu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alitoka nyumbani kwake akilia, na kufikia nyumba ya pili tayari walikuwa wanawake wanne, na walipofika kambini walikuwa umati.

"Wifi yangu mpole!" alilia dada. "Wifi yangu asiye na makuu! Nani atanisalimia asubuhi, wifi yangu?"

Wanaume walileta viti. Mwenye duka akaleta majani ya chai na sukari. Wakasema jua ni kali, pafungwe turubai watu wakae kivulini, wakalitoa lile kubwa la lori lenye viraka ishirini na nne. Kiraka, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote huo, akainua uso na kusema, "Fungeni kwa kamba ile kuukuu. Ile ya manjano bado nzima."

Wote wakamgeukia. Mwenyewe akajisikia alichosema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa sababu alikumbuka maneno yake ya alfajiri. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na neno la mwisho alilompa mkewe lilikuwa la kuiombea kamba. Alilia bila kujificha, akasema mbele ya watu mambo ambayo hakuwahi kuyasema hata ndani ya chandarua: kwamba bila yeye kambi ile isingekuwa kambi, kwamba mkewe akichelewa kurudi jioni yeye Kiraka huwa hali mpaka asikie vyuma vyake vikigongana njiani, kwamba hakumwambia hata mara moja. Dada yake alilia zaidi, na safari hii, tumpe haki yake, alilia kweli.

Saa tisa gari la hifadhi likaonekana likija polepole, likivuta vumbi lake. Vilio vikapanda.

Sasa mtazame aliyekuwa ndani ya gari. Mjusi alikuwa ameketi mbele, karibu na mlinzi aliyeshika usukani, wageni wake wawili wakisinzia nyuma, naye mzima wa afya, mchovu, uso umejaa chumvi ya jasho. Anakaribia nyumbani kwake, anaona turubai limefungwa, viti vimepangwa, wanawake wa mtaa mzima wamekaa chini, na wifi yake, mtu asiyelia hata akikata vitunguu, anagaagaa. Mumewe hamwoni, kwa kuwa amezungukwa na watu. Ungefikiri nini wewe?

Hakungoja gari lisimame. Aliruka, mikono kichwani. "Mume wangu! Jamani, mume wangu!" Akaja mbio na mkanda wake wa kupandia kiunoni, vyuma vyote vikigongana.

Wanawake walitawanyika. Mwenye duka aliacha sukari yake na kiatu kimoja. Dada mtu, aliyekuwa amefika kwenye "asiye na makuu" kwa mara ya tisa, alifunga mdomo katikati ya neno na kujificha nyuma ya mapipa ya maji. Katika uwazi uliobaki alisimama Kiraka peke yake, na mkewe akasimama mbele yake, wakatazamana.

"Si umekufa wewe?" akauliza Mjusi.

"Wewe je? Si wewe ndiye umekufa?"

"Nani kasema?"

Kiraka alimnyooshea simu. Mjusi akausoma ujumbe, akamgeukia mlinzi aliyekuwa anashuka garini bila wasiwasi wowote, akamwuliza, "Wewe baba, uliandika nini hapa?"

"Ulichoniambia! Ulisema mwambie nimekata kamba, nikamwambia." Mlinzi akavuta furushi la kijani kutoka kiti cha nyuma na kuliinua juu ili umati uone. "Kamba! Hii hapa! Nikampa na pole, maana namjua na vitu vyake."

Aliyeanza kucheka simjui. Nadhani ni yule binti wa vidole vilivyochubuka. Lakini kicheko kile kilipita chini ya turubai lote, wakacheka waliokaa na waliokimbia, mwenye duka akacheka huku anatafuta kiatu, na mlinzi, aliyeelewa mwisho kabisa, akakaa chini kwenye mchanga akajipiga kofi la paji la uso. Kiraka hakucheka mara moja. Alimshika mkewe mikono, akaibinyabinya kama anayechagua nyanya sokoni, akamshika shingo, akasikia mshipa unapiga. Hapo pumzi aliyoizuia tangu saa saba ikamtoka yote, akamkumbatia pamoja na vyuma vyake, analia na kucheka kwa pamoja, na hakujali nani anamwona. Alikuwa amerudishiwa kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kukishona.

Chai ilikuwa tayari imechemka, na si vizuri chai iharibike. Basi waombolezaji wakageuka wageni, wakanywa, kila mmoja akisimulia alivyopata habari na jinsi alivyohisi tangu mwanzo kwamba si kweli. Dada mtu alitoka nyuma ya mapipa akijifuta uso.

"Wifi, nilikulilia sana," akasema.

"Nimekusikia, wifi. Nilikuwa mpole."

"Basi usinizoee."

"Sikuzoei. Ila ndoo yangu niletewe leo."

Wakacheka wote wawili, kisha dada akamshika ghafla na kumbana kifuani, akamwachia upesi kama aliyejiunguza, akaenda kutafuta vikombe.

Jua lilipoanza kupoa watu wakaanza kuondoka. Kiraka na mkewe walibaki wamekaa chini ya turubai, ile kamba ya kijani imelala kati yao. Mlinzi alikuwa ameiviringa vibaya. Mkono wa Kiraka, kwa mazoea, ulikwenda kwenye ncha iliyokatwa, ukaipapasa.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Tulikuwa tumeshuka nusu ya jabali, tumesimama kwenye ukingo, watatu. Navuta kamba itufuate, ikanasa kwenye ufa huko juu. Tukavuta sote. Wapi! Jua linachoma, maji yanaisha. Nikaona hapa ni kisu tu."

"Kwa hiyo kamba iliyobaki mkononi haikutosha kuwafikisha chini?"

"Ilitosha." Mjusi alikuwa anakoroga chai. "Ningeikata palepale niliposimama, tungeshuka. Lakini kipande kirefu kingebaki juu, tungerudi na cha kufungia mbuzi. Nikakufikiria wewe. Nikasema, hii mpya, Kiraka atanisema mpaka mvua zije. Basi nikapanda kuifuata, nikaikatie karibu na pale iliponasa, angalau ibaki ndefu."

"Ulipanda umejifunga nini?"

"Nijifunge nini? Kamba si ndiyo hiyo imenasa? Wale wawili walinishikia mkoba."

"Juu kiasi gani?"

"Kama ghorofa mbili. Mguu ulitoka mara moja tu, nikashika." Akanywa chai. "Nilipofika getini, tukingoja gari, nikamwomba mlinzi akutangulizie habari, ili nikifika hasira zikupungue. Nilikuwa na hofu njia nzima."

"Hofu ya jabali?"

"Jabali nimelizoea. Hofu yako wewe."

Kiraka aliitazama ile ncha. Mtu angedhani anaikagua. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona ukingo mwembamba, wageni wawili wamekodoa macho, na mkewe yuko juu yao ghorofa mbili, hana kamba kiunoni, kisu mdomoni, anapanda kuokoa kipande cha kamba kwa sababu ya mdomo wa mumewe. Mlinzi hakukosea sana. Ilibaki mguu mmoja tu ujumbe wake uwe kweli, na aliyeusukuma mguu huo alikuwa amekaa nyumbani anashona zipu.

Aliiweka kamba chini. Ulimi hauna mfupa, lakini wa Kiraka jioni hiyo ulikuwa mzito kuuinua.

"Siku nyingine," akasema, "kata hapohapo uliposimama."

"Na kamba?"

"Kamba ibaki huko juu, ioze, ndege wajengee viota. Wewe kata, ushuke."

Mjusi alishusha kikombe. Dada mtu, aliyekuwa anakusanya vyombo, alisimama na sinia mkononi, na wale wageni wawili wa vidole wakageuka kusikiliza.

"Sema tena," Mjusi akasema. "Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia vizuri sana, na Kiraka alijua. Akarudia kila neno, kwa sauti ya kufika hadi nyumba ya tatu.