Uzi wa Masjala

Siku hiyo Njookesho hakusema njoo kesho, na hapo ndipo machale yalipoanza kumcheza mshonaji.

Jina hilo karani wa masjala ya mahakama alipewa na watu wa foleni. Faili la talaka, njoo kesho. Faili la mirathi, njoo kesho, mpaka mrithi naye anageuka marehemu. Mshonaji alikuwa amejiandaa kwa danadana. Alifika kabla ya ofisi kufunguliwa, na chupa ya maji na gauni la mteja la kupiga pindo ili siku isipotee bure. Namba ya shauri lake aliiandika kwenye daftari la vipimo, kati ya kiuno cha mwalimu mmoja na mabega ya bwana harusi.

Aliisoma namba kupitia dirisha la nondo. Karani akamtazama, akatazama saa, akainama, akainuka na faili mkononi. Halikutoka kwenye zile rafu zilizopinda kwa makaratasi. Lilitoka kwenye droo ya meza yake.

"Pita ndani, mama. Usomee hapa hapa mezani."

"Umelipata upesi, baba."

"Mkicheleweshwa mnalalamika, mkihudumiwa upesi mnalalamika. Soma."

Juzi mwalimu mkuu alimwita shuleni. Baba wa binti yake, mtu ambaye kwa miaka sita hakumletea mtoto hata kalamu, alikuwa ametokea na karatasi ya mahakama inayosema malezi ni yake. Siku hizi ana malori, ana mke mpya, ana mapacha, na mapacha wanataka mtu wa kuwabeba. Binti ana miaka kumi na mitatu, na mgongo wake ulikuwa umeshapangiwa kazi.

"Mimi sina ugomvi na mtu," mwalimu mkuu alimwambia. "Mwenzio ana karatasi yenye muhuri. Niletee ya kwako kabla ya Ijumaa saa nne, la sivyo namkabidhi mtoto."

Leo ilikuwa Alhamisi, na yeye hakuwahi kuchukua nakala. Siku ya hukumu hakimu alisoma kwa sauti kwamba mtoto abaki kwa mama yake hadi atimize miaka kumi na minane, na yeye, mjinga wa watu, akadhani neno la hakimu likishasemwa limesemwa. Hakimu huyo alikuwa ameshahamishwa, na hakuna aliyejua wapi.

Akalowesha kidole, akafungua. Maombi yake yalikuwemo. Majibu ya mume yalikuwemo, pamoja na maelezo ya yule dada wa ustawi wa jamii aliyekuja nyumbani akahesabu vitanda. Kisha hukumu, kurasa tatu. Wa kwanza ulieleza shauri. Wa pili ulimsifu: mama ana kazi, mama ana makazi, mtoto anasoma vizuri. Wa tatu ulianza: Kwa hiyo naamuru malezi yawe kwa baba. Chini, sahihi na muhuri.

Alisoma mara ya pili, na mara ya tatu kwa kufuata kila neno kwa kidole. Halafu akaacha maneno, akatazama mshono.

Faili lilikuwa limeshonwa pembeni kwa nailoni nyeupe, mpya, yenye kung'aa. Lakini kwenye tundu moja la jalada kulikuwa na kipande cha uzi wa zamani wa pamba, umegeuka rangi ya chai. Kila karatasi ilikuwa na matundu matatu ya zamani, mapana, na kando yake matatu mapya, madogo. Akafunua moja moja. Sita. Sita. Sita. Ukurasa wa tatu wa hukumu ulikuwa na matatu tu, yale mapya.

Akauwekea kidole ukurasa huo.

"Baba, karatasi hii imeshonewa humu juzi."

"Nini?"

"Zote zimeshonwa mara mbili. Hii mara moja. Haikuwemo hii. Hukumu yangu imepikwa!"

"Kwani wewe hakimu?"

"Mimi fundi cherehani."

"Basi kashone."

"Ngoja nikuonyeshe," alisema, na akafanya kile ambacho fundi yeyote hufanya akitilia shaka mshono. Aliinama, akalikata fundo kwa meno, akavuta. Uzi ukatoka wote kwa mvuto mmoja, na makaratasi yakalegea mezani. Akayapanga kwenye mwanga wa dirisha. "Ona mwenyewe. Sita. Sita. Hii tatu."

Njookesho hakutazama matundu. Alitazama mlangoni.

"Afande! Hebu njoo. Uwe shahidi, huyu mama kafumua faili la mahakama."

Askari aliyekuwa akipiga miayo kwenye benchi akaingia.

"Nimefumua ili aone—"

"Umefumua au hukufumua?" akauliza karani.

"Nimefumua, lakini—"

"Imetosha." Karani akachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya upole. "Sasa mama, kama humu kuna karatasi imechomekwa, kaichomeka nani? Mimi nimekukabidhi faili zima. Wewe ndiye uliyelifumua, na afande kaona."

Akilala mahabusu leo, kesho saa nne nani atasimama kwenye geti la shule? Hana dada, hana kaka. Binti atapandishwa kwenye lori na mkoba wake wa madaftari, na atamtafuta mama yake kwa macho mpaka barabara ikunje kona.

"Hatujafika huko," alisema karani. Akavuta ile droo, akatoa sindano ndefu na kibonge cha uzi. Nailoni, nyeupe. "Wewe si fundi? Lirudishe lilivyokuwa. Nikupigie nakala, nikugongee muhuri, ukakate rufaa yako kwa amani."

"Nakala itaonyesha matundu?"

"Mashine inaonyesha maandishi, mama."

Alimgeukia askari. Askari alikuwa anatazama dari.

Akapokea sindano, na uzi uliingia kwenye tundu lake mara moja. Alipanga alegeze, ashone upogo, aache kitu cha kuonekana na macho mengine siku nyingine.

"Pitisha na kwenye yale matundu ya zamani," karani alimwambia kutoka nyuma ya bega lake. "Lisicheze."

Akapitisha. Kwenye karatasi nyingine sindano iliteleza bila shida. Kwenye ule ukurasa wa tatu iligoma, akasukuma kwa kidole gumba, ikatoboa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Sasa zote zilikuwa na sita.

Alifunga fundo maradufu, kama alivyozoea, akakata uzi kwa meno. Karani akalishika faili kwa mikono miwili, akalivuta huku na huku kulijaribu.

"Huu ndio mshono," alisema, akimsogezea daftari la sahihi. "Andika hapo kwamba umelirudisha zima."