Baba Amekwama Ghalani

Mwalimu Nicodemus alifungua daftari la Sue, akaliweka mezani, akamsogezea Naftaly kwa kidole kimoja.

"Soma hapa, Baba Sue. Swali linauliza ng'ombe wangapi walibaki zizini. Yeye ameandika lita arobaini."

Naftaly akasoma. Lita arobaini kweli, tena zimepigiwa mistari miwili chini, kama jibu la mtu asiye na shaka hata chembe.

"Si kwamba hajui," mwalimu akasema. "Kichwa anacho. Lakini anajibu kabla swali halijaisha. Akiona ng'ombe, mbio, maziwa!"

"Ni hizo gemu," Naftaly akasema, akiwa amefurahi kupata wa kulaumiwa. "Mjomba wake alimletea mashine ya gemu Desemba. Leo hii naifungia kabatini."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Usiifungie. Mchagulie. Kuna gemu za kufinya vitufe tu, na kuna zile zinazomlazimisha mtoto atulie, afikirie, apange. Tafuta hizo. Halafu umuulize: umeshindwa kwa nini? Na ukishinda, nieleze umeshindaje. Asipoweza kukueleza, hiyo gemu haina faida."

Naftaly aliandika maneno hayo nyuma ya karatasi ya kupokelea mbao, kwa sababu ndiyo karatasi aliyokuwa nayo mfukoni. Kazi yake ilikuwa kusimamia upakiaji wa mbao katika yadi moja mjini Nakuru. Kila lori lililoshuka kutoka Elburgon lilipita mikononi mwake, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mzigo alioupanga yeye ukaanguka njiani. Gemu hakuwahi kuigusa maishani mwake. Lakini kupanga? Kufikiria? Hapo alijiona yuko nyumbani.

Ijumaa jioni, mkewe Jackie, ambaye ni nesi, alimpa maagizo akiwa anapiga pasi yunifomu ya zamu ya kesho yake.

"Mpeleke Sue dukani asubuhi. Lakini saa sita kamili uwe stage ya matatu za Subukia. Mama anakuja. Nimesema saa sita, si saa sita na kitu. Usimwache mama yangu kwa jua na maziwa."

"Aa, Jackie. Kwani mimi ni mtoto?"

Ukweli ni kwamba Naftaly hakuogopa msumeno, hakuogopa lori lililokatika breki, lakini mama mkwe wake alimwogopa. Si kwa ubaya. Shosho Njoki, nyanya yake Sue, hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kukutazama tu, akasema "Haya," na hiyo "haya" unaibeba wiki nzima. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, na bado Naftaly hakuwahi kupiga mwayo mbele yake.

Jumamosi saa nne baba na binti wakatoka mtaani kwao Bondeni kwa miguu, Sue mbele akirukaruka, Naftaly nyuma na karatasi yake. Duka la Kang'ethe lilikuwa ghorofa ya kwanza nyuma ya soko, unapanda ngazi za bluu. Ndani kulikuwa na televisheni tatu, viti vya plastiki, na rafu za gemu kutoka sakafuni hadi darini.

"Karibu, mzee," akasema Kang'ethe, kijana mwenye miwani na sauti ya upole kama ya mhubiri. "Tunatafuta nini?"

Naftaly akakohoa, akakunjua karatasi. "Tunatafuta gemu inayojenga akili."

"Ya mtoto wa miaka mingapi?"

"Kumi na moja na nusu," Sue akajibu haraka. "Nataka ile ya magari!"

Wakaanza na ile ya magari, ili haki itendeke. Sue akashika padi, kile kidude cha vitufe, na mara moja televisheni ikajaa moshi, kona na ving'ora. Naftaly akainama sikioni mwake.

"Sue, hapo unafikiria nini?"

"Kufinya!"

"Na ulipogonga ule ukuta, umegonga kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa hapo!"

Naftaly akatazama karatasi, akatikisa kichwa. Kang'ethe akairudisha gemu rafuni, akaleta nyingine yenye kasuku wa kijani aliyepiga kelele, "Saba mara nane!" Sue akafinya jibu la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la kweli likapatikana. Kasuku akapiga makofi. Akauliza tena, akapiga makofi tena. Baada ya dakika tano Sue alikuwa ameegemea ngumi, na Naftaly alikuwa akitamani kumnyonga yule ndege.

"Hii wazazi wote wananunua," Kang'ethe akasema kwa huzuni. "Na watoto wote wanairudisha."

Kisha akatoa ya tatu. Haikuwa na moshi wala ndege. Ilikuwa ghala tu, linaonekana kutoka juu, na kijitu kidogo chenye kofia ya manjano katikati ya masanduku. Kazi yake ni kuyasukuma masanduku mpaka yakae juu ya alama nyekundu. Anaweza kusukuma, hawezi kuvuta. Sanduku likiingia kona, limeingia, halitoki tena. Ukikosea, unapoteza maisha moja, na ya kuanzia ni matano.

Naftaly akavuta kiti karibu.

"Hii ni kazi yangu," akasema. "Sue, hii ni yadi! Lete hapa hicho kitu."

"Baba, ni zamu yangu!"

"Nataka nikuonyeshe tu."

Leveli ya kwanza akaimaliza akicheka. Ya pili, ya tatu, ya sita. Sue akaruka, akampigia makofi. Watoto wawili waliokuwa kwenye televisheni ya pembeni wakaacha mpira wao wakaja kutazama. Leveli ya tisa Naftaly akavua koti. Ya kumi na moja akaiita "wewe mjinga," na Kang'ethe akamletea chai. Kisha ikaja ya kumi na nne.

Leveli ya kumi na nne ilikuwa na masanduku saba na mlango mmoja. Naftaly akasukuma. Akakwama. Akaanza tena, akasukuma lile lile kwa nguvu zaidi, kana kwamba kufinya sana kungesaidia. Akakwama tena.

"Baba, unasukuma kabla hujaangalia," Sue akasema.

"Nimeangalia."

"Hujaangalia."

Naftaly hakusikia. Wala hakusikia simu yake, aliyoiacha mfukoni mwa koti, ikitetemeka kitini kwa mara ya tisa. Sue ndiye aliyeichukua, macho yakiwa kwenye televisheni, mdomo ukifanya kazi peke yake kama kawaida yake.

"Haloo, Shosho!"

"Sue? Baba yako yuko wapi? Nimesimama hapa stage..."

"Baba amekwama!"

"Amekwama wapi?"

"Ghalani! Masanduku yamemfungia kwa kona, hawezi kutoka!"

Sauti ya Shosho ikarudi, imepanda juu. "Mungu wangu! Yuko hai?"

"Eeh, lakini amebakisha maisha moja tu."

"Hilo ghala liko wapi?"

"Nyuma ya soko, ngazi za bluu! Shosho, ngoja, ngoja, anasukuma... aaa! Amejifungia tena!" Na simu ikakatwa.

Sue akairudisha kotini. Kwamba alikuwa amesema jambo lolote la ajabu, halikumpitia akilini.

Hazikupita dakika kumi. Kwanza zikasikika ngazi, zikilia kama zinapandwa na kwaya nzima. Kisha mlango ukafunguka kwa kishindo na akaingia Shosho Njoki, kitambaa cha kichwa kimeegemea upande, mtungi wa maziwa mkono mmoja. Nyuma yake wanaume wawili wa mkokoteni, wa mbele amebeba mtaimbo, wa pili kamba na ubao. Nyuma yao mama mmoja wa kuuza viazi ambaye hakuna aliyemwita, akiomba kwa sauti.

"Yuko wapi?" Shosho akapaza sauti. "Naftaly! Naftaly, mwanangu, vumilia!"

Naftaly akageuka. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki cha rangi ya waridi, bila koti, padi mkononi, ulimi umetoka upande mmoja wa mdomo.

Yule wa mtaimbo akatazama darini, akatazama sakafuni, akitafuta masanduku.

"Mama," Naftaly akasema. Akasimama. Akaketi. Akasimama tena. "Mama, shikamoo. Mimi... saa ngapi?"

"Saa saba kasorobo," Kang'ethe akamsaidia.

Shosho Njoki akamtazama mkwe wake. Akatazama televisheni, ambapo kijitu chenye kofia ya manjano kilikuwa kimebanwa kati ya masanduku mawili na ukuta. Kisha akamtazama mjukuu wake.

"Sue. Hilo ndilo ghala?"

"Ndiyo, Shosho."

"Na hayo ndiyo masanduku?"

"Ndiyo."

"Na yale maisha moja?"

Sue akaonyesha kona ya juu ya televisheni, palipokuwa na moyo mmoja mwekundu. Ndipo mambo yalipomfikia. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. "Shosho! Ulidhani..."

Naftaly akangoja ile "haya." Alijiandaa nayo kama mtu anayesubiri sindano. Lakini mabega ya Shosho yakaanza kutikisika. Akaweka mtungi chini taratibu, maana maziwa ni maziwa, akashika ukuta, na kicheko kikamtoka ambacho Naftaly hakuwahi kukisikia kwa miaka kumi na mitatu, kicheko cha msichana, chenye mikwaruzo na machozi. Mama wa viazi akajiunga. Wanaume wa mkokoteni wakajiunga. Naftaly mwenyewe akacheka mpaka akakaa sakafuni, na kicheko kilipomchosha akapiga mwayo mbele ya mama mkwe wake, na dunia haikuisha.

Simu ikatetemeka tena. Jackie.

"Naftaly! Uko hai? Mama amenipigia anasema umefukiwa!"

"Niko hai, Jackie. Ni gemu."

"Ni nini?"

"Gemu. Ya kujenga akili."

Jackie akacheka kwa nguvu hivi kwamba Naftaly aliwasikia wenzake kazini wakimuuliza kuna nini.

Yule mwenye mtaimbo, aliyeitwa Sitati, alikuwa bado anatazama televisheni. Akamgusa Naftaly begani. "Boss, hilo la kushoto ndilo lilikuharibia. Ungelitoa kwanza."

"Nimejaribu!"

"Ulilisukuma. Hukulitoa."

"Nipisheni," akasema Shosho Njoki. Akajifuta machozi, akakaa kwenye kile kiti cha waridi. "Nataka nione kitu kilichotaka kuniulia mkwe."

Kang'ethe akamrudishia maisha yote matano, kwa heshima. Sue akashika padi. "Shosho, niambie, mimi nafinya. Tuanze?"

"Bado."

"Sasa?"

"Nyamaza, mwanangu. Naangalia."

Aliangalia. Dakika ikapita, ya pili, ya tatu. Sue alikuwa akijipinda kitini kama aliyekaliwa na siafu. Shosho akanyoosha kidole kwenye kioo cha televisheni.

"Lile la mwisho kabisa litakaa wapi?"

"Pale ndani, kwa alama ya mbali."

"Ili lifike pale, njia gani iwe wazi?"

Sue akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akatazama. Duka zima likatazama pamoja naye. "Hii ya katikati," akasema polepole. "Kwa hivyo... hayo mawili yasikae hapa. Kwa hivyo lile la kushoto litoke kwanza. Lakini lipitie huku!"

"Mimi nina ng'ombe wanane na lango moja," Shosho akasema. "Huwezi kuanza na ng'ombe aliye mbele yako. Unaanza na yule unayetaka abaki ndani. Haya. Sasa finya."

Sue akafinya. Si haraka. Moja, akaangalia. Mbili, akaangalia. Sanduku la saba lilipokaa juu ya alama yake, mlango wa ghala ukafunguka, kijitu kikarusha kofia juu, na duka likalipuka. Sitati alicheza na mtaimbo wake kama mwanamke aliyejaliwa mtoto. Mama wa viazi akapiga vigelegele. Wale watoto wawili wakaomba kupigwa picha na Shosho.

Naftaly akatafuta karatasi yake, ilikuwa imeloa chai. Hakuihitaji.

"Sue, umeshindaje? Nieleze."

Na Sue akamweleza, sanduku kwa sanduku, akianzia mwisho kurudi mwanzo, akichora hewani kwa kidole. Hakukosea hata moja. Naftaly akamgeukia Kang'ethe. "Tufungie hiyo, twende nayo."

Nyumbani wakakubaliana: nusu saa kwa siku baada ya kazi ya shule, na kila leveli lazima ielezwe kwa sauti. Naftaly naye akapewa masharti yale yale, kwa sababu Jackie alimkuta Jumapili kabla ya kanisa akiwa na shati bila tai, amekwama leveli ya kumi na saba. Shosho alikaa mpaka Jumanne, kisha akarudi Subukia kwa ng'ombe wake.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Sue alipokwama, alimpigia Shosho simu. Na kwa kuwa Shosho hakuwa na kioo mbele yake, Sue alilazimika kumweleza ghala lote kwa maneno: ukuta uko wapi, mlango uko upande gani, lipi liko nyuma ya lipi. Mara nyingi alipofika katikati ya maelezo alinyamaza, akasema, "Aah. Basi, Shosho, nimeona," akakata simu. Shosho alilalamika kwa Jackie kwamba hapewi hata nafasi ya kusaidia. Mwezi uliofuata daftari la hesabu lilirudi nyumbani na majibu mawili yasiyo sahihi, lakini yote yalikuwa na njia yake, mstari kwa mstari, na Mwalimu Nicodemus alikuwa ameandika pembeni, "Sasa naona anachofikiria."

Juzi jioni Naftaly alitoka kazini akamkuta binti yake amekaa mezani, simu sikioni, penseli mkononi, karatasi imejaa visanduku na mishale. Leveli ya thelathini na mbili.

"Shosho anasema nini?" akanong'ona.

"Anasema nimngoje amalize kukamua."

"Na wewe?"

Sue akainua macho, akashangaa swali lenyewe. "Namngoja," akasema, akarudi kwenye karatasi yake.