Watu Thelathini na Tisa wa Muze

Ndalahwa hakuwa na ugomvi na dada yake Fortunata, binti wa baba yake mkubwa. Alikuwa anamwonea wivu tu, basi. Wivu wenyewe ulianza mwaka 2007, ndugu yao Masanja wa Dar alipofungua mti wa ukoo kwenye mtandao. Ukurasa wa kwanza ulionyesha nani ameingiza watu wangapi. Fortunata, nesi wa Mbeya: 212. Ndalahwa, mnunuzi wa mpunga wa Mazwi: 187.

Kila Jumamosi aliegesha baiskeli nje ya intaneti kafe, akalipia nusu saa, akatazama kwanza namba yake, kisha ya Fortunata. Akiongeza watano, mwenzake kaongeza tisa. Hata vichanga vya juzi kaviwahi! Nyumbani chakula hakikushuka, na mkewe alipouliza, akasingizia meno. Baba mdogo Ngeleja, mkubwa wa ukoo kule Mtowisa, alikwisha kutamka mbele za watu kwamba asiyemjua babu yake akamuulize Fortunata. Akamuulize Fortunata? Mtu wa Mbeya, asiyejua hata ng'ombe wa babu walilishwa wapi!

Basi siku moja, akinunua mpunga Muze, kijiji cha bondeni, akapiga soga na familia moja ya Wasukuma wenzake. Bibi yao, marehemu, alifika bondeni peke yake kutoka Usukuma na hakuwahi kutaja ndugu. Ndalahwa akapata wazo ambalo mwenye akili timamu angelikimbia. Jumamosi akamwandika yule bibi kuwa dada wa babu yake, kisha akashusha wanawe, wajukuu na vitukuu, jumla watu thelathini na tisa. Namba yake ikaruka, ikaipita ya Fortunata. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, akala ugali akaongezewa.

Miezi miwili baadaye washenga wakaja kumposa Jenifer, binti yake. Mchumba aliitwa Elisha, mwalimu, kijana mpole. Jenifer alikuwa amempenda kimyakimya mwaka mzima. Kwao wapi? Muze. Washenga walipotaja jina la bibi yake, Ndalahwa akatambua ni yuleyule aliyemwandika kuwa dada wa babu yake.

Baba mdogo Ngeleja, aliyekuja kusimamia posa, akafunua karatasi za mti wa ukoo alizochapiwa na Masanja, akapitisha kidole taratibu.

"Hawa ni ndugu zetu," akasema. "Hapa hakuna ndoa."

Jenifer akamgeukia Fortunata, aliyesafiri kutoka Mbeya kwa ajili ya siku ile. "Shangazi, wewe ndiye unayeujua ukoo. Sema kama ni kweli!"

Ndalahwa akaomba moyoni Fortunata apinge, kama alivyozoea kumsahihisha. Fortunata akazisoma karatasi, akazirudisha.

"Huyo bibi sijawahi kumsikia," akasema. "Lakini aliyeandika ni kaka Ndalahwa. Watu wa bondeni anawajua kuliko mimi. Akiandika yeye, mimi simbishii."

Maneno aliyoyatamani muda wote! Na Mungu amsamehe, kwa dakika nzima yalimpendeza. Kisha akamsikia Jenifer akilia.

"Nilitunga," akasema. "Wote thelathini na tisa. Nilimwonea wivu dada."

Baba mdogo Ngeleja akazikunja karatasi, na washenga wakasogeza viti vyao upande wa Fortunata kuendelea na mazungumzo ya posa.