Kijiko cha Sita cha Hulda

Nina kitendawili, wajukuu zangu: nilimfuta jina asinitaje, nikampumulia, akanitaja. Msijibu kwanza.

Sisi wa mji huu wa Newburyport tunaokusanya vijiko vya kale vya fedha, vile vilivyogongwa kwa nyundo kutokana na sarafu zilizoyeyushwa, hatununui kijiko bila kukipumulia. Kikipata pumzi ya moto hufunga ukungu, na kama kuna herufi zilizosuguliwa, huibuka kama mzimu, kisha hupotea.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Jumamosi, tulikula maharage ya kuoka kanisani. Nilikusanya vyombo vyangu mezani harakaharaka, na nilipofika nyumbani na chungu changu, nikakuta ndani yake kijiko cha rafiki yangu Alma. Kilikuwa kimoja kati ya sita alivyoachiwa na mama yake, Hulda Thurlow, chenye herufi H na T kwenye mpini. Dorcas, mdogo wake Alma, ndiye aliyekiazima akaenda nacho kanisani kupakulia.

Kukirudisha ni kuvuka barabara tu. Lakini nilikuwa na vitano vya fundi yuleyule aliyevigonga vya Hulda, visivyo na herufi, na cha sita nimekitafuta tangu nikiwa bibi harusi. Nikasema nitarudisha kesho. Kesho ikazaa kesho. Mwishowe nikakipeleka Boston, zile herufi zikasuguliwa zikaisha.

Dorcas aliapa kwamba alikisahau mezani. Alma hakumwamini. "Alikitamani tangu mama azikwe," akasema, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Nami nikawa nampelekea Alma pai ya tufaha na kumwambia, "Pole, shoga." Hiyo pole ndiyo inayoniuma kuliko kijiko.

Jumanne iliyopita Alma akaja na vitano vyake, kavifunga kwenye kitambaa.

"Lavinia, chukua. Mimi nahamia kwa binti yangu, na yule mwizi hapati hata kimoja."

"Alma, ni ndugu yako yule."

"Ndugu gani? Hata paka humwachia mwenzake kichwa cha samaki! Hebu lete vyako nivishike, usinibanie."

Nikamwekea vyangu vyote sita mezani. Macho yake yamefunga utando, ila vidole vyake bado vinaona. Akavipapasa kwa dole gumba kimoja kimoja. Kwenye cha sita akasimama.

"Hiki kimekonda mpini. Wamekupiga, bibi wee, na ujanja wako wote!" Akacheka mpaka akakohoa. "Kipumulie wewe, mimi sioni. Niambie kuna nini."

Ningesema hakuna kitu, angeamini. Ananiamini mimi kuliko damu yake.

Nikapumua. Zikaja, zikakaa kidogo, zikaondoka.

"Enhe? Kuna nini?"

"Kuna H," nikasema. "Na T."

Kicheko kikakatika. Hakuniuliza nilikipata wapi. Alivirudisha vitano vyake kitambaani, akanyoosha mkono, akangoja. Nikampa cha sita.

"Lete simu."

Akanitajia namba kwa kichwa. Miaka yote hiyo hakuisahau. Ilipoanza kuita nikampa, akaisukuma irudi kwangu.

"Si mimi wa kuongea. Ni wewe."

"Halo? Nani mwenzangu?" Sauti ya Dorcas ilikuwa imezeeka.

"Ni Lavinia," nikasema. Alma alikuwa ananitazama kwa macho yale yasiyoona. "Kile kijiko, Dorcas... ni kweli ulikisahau mezani. Ninacho mimi."