Mkia wa Mlolongo

Mtu asinidanganye kwamba nilishindwa na Randu. Randu hana ubavu huo. Nilishindwa na adabu, tena ile ile niliyolelewa nayo.

Mwaka huo serikali ya kaunti ilitangaza kwamba Mweka Hazina wa Mfuko wa Ukame hatateuliwa tena; atachaguliwa na wananchi, kuanzia Mackinnon Road hadi Msambweni. Huko Diani labda walicheka, maana wao wakifungua mfereji maji yanatoka. Sisi huku Kinango pampu ya kisima chetu ilikuwa imekufa, tukawa tunakunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Bila saini ya mweka hazina hakuna pampu mpya. Ndiyo maana mimi, Mapenzi, muuza chapati na maharagwe, niligombea. Randu naye ana maboza, yale malori ya kuuza maji, na mwenye maboza haulizwi kwa nini anautaka mfuko wa ukame.

Kura ilikuwa ya mlolongo. Mgombea anasimama uwanjani kwao, kwingine wakala wake, anayemtaka anasimama nyuma yake mchana kweupe, kila mtu akiona. Karani wetu alikuwa kijana mmoja wa bara aliyekuwa akiishi Ukunda, jina lake Griffin, filimbi shingoni.

"Sikizeni," alisema. "Hakuna kuacha gap. Ukiacha nafasi, sikuhesabu. Ukitoka kwa laini, hurudi. Na candidate asiwache place yake, sawa?"

Mama yangu alikuja na fimbo yake. Sisi humwita Mayo. Watu walimpisha asimame karibu nami, akakataa.

"Mimi nitakaa mkiani," alisema. "Nataka nimwone atakayetoroka kwenda kwa Randu."

Watu walicheka. Kila mwanamke aliyefika, Mayo alimpitisha mbele yake, "Pita, mwanangu," yeye akabaki wa mwisho kama mlinzi wa zizi. Watu wa Randu wakalalamika, Griffin akapiga marufuku kupitishana. Tangu hapo, anayekuja asimame nyuma ya "shosho", ndivyo alivyomwita Mayo.

Mlolongo wa Randu ulikuwa umenizidi kidogo, lakini sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nawasubiri shemeji zangu kutoka mnada wa ng'ombe. Mayo alijaliwa mabinti wengi, wote wameolewa, na waume zao walikuwa wameahidi kuja na ndugu zao. Pikapu ikafika imejaa. Wakaruka chini, wakaja mbio, Chome mume wa dada yangu mkubwa akiwa mbele. Wakauona mgongo wa Mayo, wakasimama kama waliogonga ukuta.

Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, wala wa ndugu yake. Akikutana naye njiani humwachia njia. Hata shikamoo huitoa kwa mbali, macho chini. Kumsimamia kifua kwa mgongo mbele ya kadamnasi? Afadhali mtu avue nguo sokoni.

Chome alimwendea karani. "Bwana karani, tafadhali sana. Yule ni mkwe wetu sote. Turuhusu tusimame mbali naye kidogo."

"Mzee, nimesema hakuna gap. Unataka kura ama hutaki?"

"Basi tupite mbele yake."

"Hiyo ni kuingia katikati. Zii."

Niliyaona yote kutoka kichwani mwa mlolongo, nimefungwa pale na sheria kama mbuzi kambani. Mayo macho yake hayaoni mbali, na alikuwa amewapa mgongo. Dawa ilikuwa maneno mawili tu: Mayo, toka. Nimfukuze mama yangu kwenye mlolongo wangu, wakwe zake wakitazama? Nilitafuta namna ya kulisema hilo kwa heshima. Nilikuwa bado natafuta filimbi ilipolia.

Kaunti nzima ilipojumlishwa, Randu alinipita kwa watu wasiojaza ile pikapu.

"Nani alitoroka?" Mayo aliniuliza tukirudi nyumbani.

"Hakuna aliyetoroka, Mayo."

"Na wakwe zangu walikuja?"

"Walikuja."

"Basi tumeibiwa," alisema, na sikumsahihisha. Nilikuwa na hasira hata na fimbo yake.

Pampu haikuja. Maboza ya Randu yalikuja, maji yakawa ya mwenye pesa, na sisi wengine tukarudi lamboni. Kipindupindu kilipoingia kilianza na watoto, kisha kikachukua wazee. Mayo aliugua asubuhi. Alikata roho kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali.

Watu wa afya walituhimiza tuzike upesi. Shemeji zangu walifika wote, na pikapu ile ile. Ulipofika wakati wa kutia udongo, walijipanga kando ya kaburi bila kuambiwa na mtu, Chome mbele, wengine nyuma yake, kifua kwa mgongo, kila mmoja na udongo wake mkononi. Hakuna aliyeacha nafasi. Wakasogea mmoja mmoja mpaka pale alipolala Mayo, karibu naye kuliko walivyowahi kuwa alipokuwa hai.

Nilitamani kuwatukana. Nilitamani kupiga kelele mpaka Matuga wasikie.

"Ahsanteni kwa kuja, shemeji zangu," nikasema, macho chini.